Kamba ya Nyumbani

Jumatatu, 3 Machi

Mwalimu wa mazoezi ametugawia madaftari. Kila mmoja aandike kila siku mwili wake umefanya nini: amekaa dakika ngapi bila kushikwa, amejihamisha mara ngapi, ngozi ina wekundu wapi. Mwalimu mwenyewe ni mdogo kuliko kifungua mimba wangu, lakini akisema "inua" unainua, kwa hiyo sisi wagonjwa wa kijiji hiki cha mazoezi tunamwita Sajini. Mimi ni mwashi. Nimejenga kuta kwa miaka ishirini na sita na sijawahi kuandika kitu kirefu kuliko vipimo vya dirisha pembeni ya mfuko wa saruji. Haya, amri ni amri.

Mwili wangu leo: kutoka kitovuni kwenda juu, mzima. Kutoka kitovuni kwenda chini, wa mtu mwingine. Ni miezi saba tangu jukwaa lilipofyatuka nikashuka nalo. Mvua bado. Nimemkumbuka mke wangu.

Jumanne, 4 Machi

Nimejihamisha kutoka kitandani hadi kitini mara sita. Mara ya saba nilijihamishia sakafuni.

Alhamisi, 6 Machi

Sajini amesoma daftari langu. "Fundi, nimesema uandike mwili, sikusema uandike mke." Nikamwambia sijajua bado namna ya kutenganisha. Aligeuza uso ili nisimwone akicheka.

Ninakaa chumba kimoja na mzee aliyekuwa kondakta wa basi, kakatwa mguu kwa sababu ya ugonjwa wa sukari. Hanyamazi hata akipiga mswaki. Jina lake hapa ni Redio. Amedakia jibu langu na sasa kila anayepita dirishani anaelezwa kwamba Fundi mwili wake ni mke wake.

Jumatatu, 10 Machi

Nimeingia kwenye orodha ya kamba.

Nieleze, maana hata mimi nilipofika sikuelewa. Kijijini hapa harudi mtu kwake kabla hajaishi siku saba katika Nyumba ya Mazoezi, yeye pamoja na yule atakayeishi naye. Ni jengo moja nyuma ya karakana, ndani lina kuta za mbao zinazosogezwa. Anayezisogeza ni Seremala, ambaye naye aliletwa hapa zamani amebebwa na sasa anatembea kwa gongo moja. Anazipanga mpaka chumba kilingane na kwako: mlango upana uleule, kitanda kimo kilekile, kizingiti kilekile. Ukiweza humo, umeweza kwako. Vipimo havipokelewi kwa simu. Zamani familia ikiulizwa mlango una upana gani ilijibu "mpana tu," mgonjwa akifika anabaki uani na kiti chake. Siku hizi familia inatuma kamba yenye mafundo, na Seremala anajenga kwa kufuata mafundo.

"Kwetu mtaani kamba ni uongo," Redio akasema. "Mtu akikufunga kamba, umekwisha."

Nikamwambia Seremala asijisumbue kungoja, ile nyumba nimeijenga mwenyewe tofali kwa tofali. Mlango sentimita sabini na tano, juu na chini. Kitanda sitini na mbili kwenda juu, nilikichonga mwenyewe. Kizingiti kumi, kuzuia maji ya mvua. Akachonga penseli yake mpaka nikamaliza.

"Leta kamba, Fundi. Unayoikumbuka si lazima iwe ndiyo iliyopo."

Nilimpigia mke wangu. Akasema atatuma. Kisha akasema nimpe wiki mbili.

"Wiki mbili za kupima mlango?"

"Nina shughuli, Fundi." Ananiita hivyo tangu tulipokuwa wachumba, na zamani ilikuwa utani.

Ijumaa, 14 Machi

Nimekaa dakika kumi na moja bila kushikwa. Ngozi nzima.

Jumamosi, 22 Machi

Mvua imeanza. Ilianza asubuhi tukiwa kwenye uwanja wa mazoezi, na kila mwenye magurudumu aligeuka kwa haraka aliyonayo. Nilifika barazani nimelowa, mikono imejaa matope. Harufu ya ardhi iliyolowa imenirudisha kwangu moja kwa moja. Mke wangu mvua ikianza huwa anatoka nje kuanua nguo, na badala ya kuzianua anasimama katikati yake na kuimba, anaimba vibaya, hana sauti hata kidogo. Nilikuwa namfokea kwamba nguo zinalowa. Leo ningekubali walowe wote, yeye na nguo, mradi nimsikie.

Jumatano, 26 Machi

Kamba imefika.

Imekuja kwa basi ndani ya kopo la maziwa ya unga, imeviringwa vizuri, pamoja na kikaratasi chenye mwandiko wake: mwanzo hadi fundo la kwanza, mlango chini; la kwanza hadi la pili, mlango juu; la pili hadi la tatu, kitanda; la tatu hadi la nne, kizingiti. Niliinusa. Ilinuka kopo, lakini niliinusa tena.

Seremala aliinyoosha juu ya meza ya karakana, akaweka futi.

"Mlango chini, tisini na mbili."

"Rudia."

Akarudia. Tisini na mbili. Juu, themanini na sita. Kitanda, arobaini na nane. Na fundo la tatu na la nne yameshikana, hapapiti hata ukucha, maana yake kizingiti hakuna kabisa.

"Mlango mzuri," Seremala akasema. "Watu hapa wanaomba usiku na mchana wapate mlango kama huu. Ila umepinda sana. Nani alijenga?"

Niliivuta kamba nikaipima upya kwa shubiri. Mlango wangu haujapinda. Sijawahi kujenga mlango uliopinda, hata nilipokuwa najifunza. Kitanda changu ni kirefu kwenda juu, mke wangu akikikalia miguu haigusi sakafu, na amenilalamikia hilo kwa miaka yote ya ndoa. Kwa hiyo hii si nyumba yangu. Mke wangu amepima nyumba ya mtu mwingine, na amepima kitanda cha mtu mwingine.

Alhamisi, 27 Machi

Sijaenda mazoezini. Nimesema tumbo.

Ijumaa, 28 Machi

Nimempigia mwashi mwenzangu, anakaa mtaa wa pili na kwangu. Nikazunguka kidogo, nikamuuliza habari za kazi, mwisho nikamuuliza kama kuna fundi yeyote ameitwa kwangu.

"Aitwe na nani, na wewe hupo? Sisi wote huku tunajuana, Fundi. Hakuna aliyegusa nyumba yako. Juzi nimepita, geti limefungwa."

Geti limefungwa mchana. Nikashukuru, nikakata.

Kisha nikampigia yeye.

"Kamba nimeipata."

"Ehe? Umeionaje?"

"Nyumba nzuri," nikasema.

Akacheka kidogo, kile kicheko chake cha kuficha kitu. Nakijua. "Utaona ukija."

Na nyuma yake nikasikia sauti ya mwanaume, karibu kabisa na simu: "Mama, wewe shika huku, mimi nishike huku. Kitanda hiki kizito." Mvua ikapiga bati la huku kijijini, mtandao ukakatika. Nilijaribu tena mara nne.

Jumatatu, 31 Machi

Mvua. Nimejihamisha mara ishirini. Hasira inasaidia mikono.

Jumatano, 2 Aprili

Seremala amemaliza kupanga mbao, na leo Sajini ameniingiza katika Nyumba ya Mazoezi kwa mara ya kwanza, peke yangu, nizoee kabla mke hajaja. Amepangiwa kuja Jumatatu ya tarehe 28.

Kwa hiyo ninajifunza nyumba ya mwanaume mwenzangu. Sijui ni nani, ila kazi yake naijua tayari. Ni fundi wa hovyo. Mlango unaoanza na tisini na mbili chini na kuishia themanini na sita juu, huo si mlango, ni suruali. Timazi ya kupimia wima hana, na kama anayo basi anaanikia nguo. Nilimweleza Seremala yote haya kwa sauti kubwa na yeye akaendelea kupiga randa.

Lililoniuma ni jingine. Nilipita. Kwangu, kwa mlango wa sabini na tano, kiti changu chenye sitini na sita kingepita kwa shida na vidole vyangu vingeachwa ukutani. Hapa nilipita bila kugusa popote. Kitanda kile kilinipokea kwa kimo sawa na kiti, nikajisogeza tu, sikuhitaji ubao wa kuhamia wala mtu. Nilikaa juu ya kitanda cha huyo bwana nimetulia kabisa, na nikamchukia kwa jinsi nilivyotulia.

Jumatatu, 7 Aprili

Nimepita mlango ule mara thelathini.

Jumatano, 9 Aprili

Mvua siku ya sita mfululizo. Nguo hazikauki, daftari lenyewe limelegea.

Nimejaribu kumkasirikia mke wangu na sikumudu kwa muda mrefu. Kila nikianza, nakumbuka kitu. Miaka yote hiyo aliniletea maji na chakula kazini, akifika anakaa kwenye rundo la matofali na kunitazama nikijenga, haongei, anatazama tu mpaka nimalize kula. Nilikuwa namwambia aende nyumbani asije akaangukiwa na kitu. Hata nyundo sikumpa ashike. Msumari wa kutundika kalenda ulikuwa ukinisubiri mimi hadi jioni. Mwanamke wa aina hiyo, asiyeweza kupiga msumari, na mume aliyeletwa huku kama mzigo, angefanya nini? Angetafuta mtu mwenye miguu. Mimi mwenyewe ningemshauri hivyo kama ningekuwa kaka yake.

Lakini mimi si kaka yake. Ninamtaka mke wangu. Nimeandika na sifuti, Sajini asome tu.

Jumamosi, 12 Aprili

Redio ameondoka leo. Kamba yake ilikuja na mlango mwembamba, kizingiti kirefu na choo cha kupanda ngazi mbili, na akavishinda vyote katika siku saba huku akisimulia. Mkwewe alikuja kumchukua, amebeba mwavuli mkubwa. Alipofika mlangoni Redio aligeuka akaniambia, "Fundi, hiyo kamba yako mbona huifurahii? Ningepewa mimi mlango huo ningeimba." Nikamwambia si wangu. Akafikiri nafanya utani.

Kitanda chake kimevuliwa shuka. Chumba kimekuwa kimya hata nikawa nazisikia tairi zangu zikigusa sakafu.

Baada ya chakula nilikwenda ofisini kwa Sajini. Juu ya kilima, nyuma ya kliniki, kuna safu ya nyumba ndogo za wale wasio na pa kwenda. Wanaitwa wakaazi wa kudumu. Nilimwambia aniandike huko.

"Fundi, una mke. Kamba yako ndiyo nzuri kuliko zote tulizopata mwaka huu."

"Mke ana shughuli zake."

"Umezungumza naye?"

"Nimezungumza."

"Umemuuliza?"

Nikamwambia aandike. Akavuta karatasi. Familia lazima ijulishwe kwa barua rasmi, ndiyo sheria. Niliiona barua yenyewe, ina mistari minne. "Mkaazi aliyetajwa ameeleza kuwa hana makazi ya kurudia." Nikatia sahihi.

Jumapili, 13 Aprili

Najuta.

Jumatatu, 14 Aprili

Nilimwomba Sajini airudishe barua. Imeondoka na basi la alfajiri.

Alhamisi, 17 Aprili

Simu yake haipatikani. Labda ni mvua. Labda ameisoma.

Jumatano, 23 Aprili

Haipatikani. Nimekaa nusu saa nzima bila kushikwa. Sajini alipiga makofi peke yake.

Jumatatu, 28 Aprili

Ndiyo siku aliyopangiwa. Nilinyoa ndevu. Sijui kwa nini, mtu aliyeandika kwamba hana makazi ya kurudia ananyoa ndevu amngoje nani? Nilikaa barazani tangu saa mbili asubuhi, natazama geti. Ilikuja gari ya mboga. Alikuja mtu wa umeme. Saa kumi Seremala akapita na gongo lake, akasimama, akaniambia taarifa ya habari imetangaza daraja limechukuliwa na maji. Akaenda. Baadaye kidogo akarudi na kigoda, akakaa kando yangu mpaka giza lilipoingia. Sikumshukuru na nilipaswa.

Jumatano, 30 Aprili

Mvua.

Ijumaa, 2 Mei

Amekuja.

Nitaandika yote, hata kama Sajini atasoma.

Ilikuwa kama saa nane mchana. Nilikuwa kwenye ukumbi wa chakula, peke yangu, najifunza kumimina chai bila kushika meza. Mlango ukafunguliwa na akaingia mke wangu, ana matope hadi magotini, viatu mkononi, kitambaa cha kichwa kimelowa. Basi liliishia darajani. Alivuka kwa miguu na watu wengine, wameshikana mikono, kisha akatembea hadi hapa. Amekonda. Nikamwaga chai yote.

Hakunisalimu. Alikaa ng'ambo ya meza, akatoa kwenye mfuko wa plastiki karatasi iliyokunjwa, akaiweka mbele yangu.

"Soma."

"Najua kilichomo."

"Soma kwa sauti, Fundi. Nataka nisikie mdomo uliosema haya."

Nikasoma. Nilipofika kwenye "hana makazi" nilishusha sauti, akanirudisha mwanzo.

"Miezi tisa ninahesabu siku," akasema. "Watoto wakipiga simu nawaambia baba yenu anaendelea vizuri, anarudi. Halafu napigiwa hodi na mtu wa posta."

"Ile si nyumba yangu," nikasema. "Vipimo ulivyoleta si vya nyumba yangu. Nilijenga mimi. Navijua."

Alinitazama. Nikaona anaelewa taratibu, jambo moja baada ya jingine, na kila alipoelewa uso wake ulizidi kuchoka.

"Ulifikiri ni ya nani?"

Niliikunja barua mara mbili, na hilo likamtosha. Aliweka mikono yake mezani ili ainuke, na hapo ndipo nilipoiona.

Ngozi ya vidole ilikuwa imepasuka kwenye kila kiungo. Pembeni ya kucha kulikuwa na mstari wa kijivu usiotoka kwa sabuni. Kidole gumba cha kushoto kilikuwa kimevilia damu, pale ambapo nyundo inampata kila mtu anayeanza kutumia patasi. Mikono hiyo naijua. Niliwahi kuwa nayo, mwaka wangu wa kwanza, kabla sijajua kwamba saruji inakula.

"Umeshika saruji," nikasema.

"Wiki saba."

"Wewe?"

"Nani mwingine? Ningemwita fundi mmoja wa pale, siku hiyohiyo ungepigiwa simu, na ungesema nini? Ungesema mtu asiguse ukuta wako. Nakujua. Nikafunga geti nikafanya mwenyewe. Mlango nimevunja mwenyewe, kizingiti nimekiondoa kwa patasi mwenyewe, na kitanda nimekikata miguu."

"Kuna mwanaume alikuwa…"

"Jirani! Yule mzee aliyekuwa askari magereza. Alinisaidia kukirudisha ndani hicho kitanda chako cha jiwe, maana peke yangu kilinishinda." Alisema "cha jiwe" akitamani kunipiga nacho.

"Nani alikufundisha?"

"Miaka ishirini na sita nakaa kwenye matofali yako nakutazama. Ulifikiri nimefumba macho?"

Akatoka. Nilimsikia nje amefungua bomba, anaosha miguu, na bomba likaendelea kutiririka muda mrefu kuliko miguu inavyohitaji. Nilisukuma kiti hadi mlangoni. Alikuwa ameinama, analia, na maji yanamwagika bure. Nikasema, "Nisamehe." Alisikia.

"Nitakusamehe," akasema bila kugeuka. "Lakini si leo."

Jumamosi, 3 Mei

Sajini ameichana barua mbele yetu sote wawili na kututia katika Nyumba ya Mazoezi kwa siku saba. Mke wangu anasema maneno matatu tu. Shika. Geuka. Bado.

Jumapili, 4 Mei

Shika. Geuka. Bado. Analala amegeukia ukuta wa mbao. Mimi kila anapopumua nasikia, na sijui kama nina ruhusa ya kufurahi.

Jumatatu, 5 Mei

Ameniogesha mgongo. Alipofika penye kovu alipitisha mkono polepole.

Jumanne, 6 Mei

Asubuhi mvua ilipiga sana na tukawa tumefungiwa ndani. Nilikuwa natazama ule mlango wa mbao uliopinda. Wiki tano nimeutukana mlango huo mbele ya Seremala, na sasa najua namtukana nani. Nikauliza ili tu nisikie sauti yake.

"Ulivunja pande zote mbili au upande mmoja?"

"Upande wa jikoni tu. Ule mwingine una swichi ya taa."

Nikasukuma kiti hadi kwenye mlango ule. Juu ya kila mlango kuna lenta, ule mhimili wa zege unaobeba ukuta na paa. Ncha zake zinalalia ukuta wa kushoto na wa kulia. Ya kwangu nililaza sentimita ishirini kila upande. Ukiongeza upana wa mlango kwa kuvunja upande mmoja tu, unakula kikalio cha lenta upande huo. Mwashi yeyote huweka nguzo kwanza, anamwaga lenta ndefu zaidi, ndipo anavunja. Yeye hakujua. Kwenye matofali yangu hakuliona hilo, maana milango tuliyojenga sisi ilikuwa mipya, hatukuwahi kupanua ya mtu. Na amelala chini ya ukuta huo mwezi mzima, mvua hii yote ikinyesha.

Nikapiga hesabu kwa kalamu nyuma ya daftari hili, kidole kinateleza kwa jasho. Tisini na mbili kutoa sabini na tano, kumi na saba. Ishirini kutoa kumi na saba, tatu. Sentimita tatu za tofali kubeba paa.

"Una nini?" akaniuliza. Ni mara ya kwanza kuniuliza kitu tangu Ijumaa.

"Lenta ilikuwa ianguke."

"Mbona haikuanguka?"

Hapo ndipo nikakumbuka kipimo cha pili. Juu ni themanini na sita. Nikahesabu upya. Kule juu, pale lenta inapolala hasa, amekula kumi na moja tu. Zimebaki tisa.

"Kwa nini juu umepunguza?"

Akaona haya. "Niliogopa. Kila nikipanda juu na patasi, kile kitu kizito kilikuwa kinanitazama. Nikasema basi, huku nitaacha. Najua kimepinda, usinicheke."

Sikucheka. Nilimwambia, na nilitaka alielewe vizuri, kwamba kama angekinyoosha kwa timazi jinsi ninavyowafundisha watu, ningekuwa nimemzika. Woga wake ndio uliobeba paa. Alikaa kitandani. Akajifunika uso kwa kitambaa chake, na nikajisogeza, nikapita katika mlango wake, nikafika. Akaniachia nimshike mkono. Alinuka sabuni ya hapa kijijini.

Baadaye tulimpigia jirani. Nilimwelekeza kwa dakika arobaini: nguzo mbili, ubao mnene juu, kabari chini, agonge taratibu mpaka asikie uzito. Mzee wa watu alikuwa anarudia kila neno langu kwa sauti ya gwaride. Jioni alipiga kusema imeshika. Mwashi mwenzangu atakuja kumwaga lenta mpya ndefu, lakini nimemwambia ukuta wenyewe asiusogeze.

Ijumaa, 9 Mei

Nimefaulu. Sajini amepiga muhuri. Mke wangu ametangulia kurudi, daraja la muda limewekwa. Mimi nafuata baada ya wiki, zege likikomaa. Alipoaga alinipa mkono, mkono tu, mbele ya watu.

Jumatano, 14 Mei

Siku tano na ninaona ndefu kuliko miezi yote tisa. Sijui ninarudi kwa mke au kwa mtu ambaye amekubali kunitunza.

Jumamosi, 17 Mei

Gari ya kijiji imenifikisha saa tisa. Alikuwa kwenye geti. Alimsaidia dereva kushusha kiti, akanikabidhi magurudumu yangu, kisha akatangulia ndani akaniacha uani. Mvua nyembamba ilikuwa inanyesha.

Mlango umepinda kuliko nilivyofikiri. Ukiutazama kutoka getini unadhani nyumba imechoka imeegemea jikoni. Plasta imepakwa kwa vidole, alama zinaonekana. Lenta mpya imekaa vizuri juu yake. Hakukuwa na kitu cha kunizuia, kiti changu ni sitini na sita na mlango ni tisini na mbili, na nimeupita mara mia kwenye mbao. Nikashindwa kusukuma.

"Hodi," nikasema.

Nilisikia anaweka sufuria chini.

"Nani anapiga hodi kwake?"

"Si kwangu. Mlango umejenga wewe."

Hakutoka mara moja. Nikafikiri kwamba akiamua kuniacha hapa nje atakuwa na haki, na sitasema neno. Mvua ilikuwa inaniingia shingoni. Kisha akatokea, akasimama katikati ya mlango, mkono mmoja kwenye upande wangu ulionyooka na mwingine kwenye upande wake. Alinitazama kuanzia kichwani hadi chini kabisa. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Karibu," akasema. "Ila futa magurudumu, nimepiga deki."